Uliza mashini yako kwanza: kitabu cha Greg Kroah-Hartman juu ya keneli, karibu miaka 20 kiisha

Safari hii tunaweka riwaya na siasa pembeni. Tuchambue kitabu cha fundi: Linux Kernel in a Nutshell, cha Greg Kroah-Hartman. Kilitoka mwezi wa 12 mwaka 2006 kwa O'Reilly, na mwandishi alikiacha pia bure kwenye intaneti, sura kwa sura. Kitabu cha bure kinapita haraka kutoka flash moja kwenda flash ingine. Kusomwa, hayo ni mambo ingine.

Neno langu ni hili: ndani ya kitabu hiki kuko sura moja ambayo kila mwenye diploma ya informatike angepaswa kuisoma mbele ya kuvaa toge. Lakini mwandishi ameiweka mahali ambapo musomaji anafika akiwa amekwisha choka.

Tuanze kwa wale ambao si wa informatike, kusudi tutembee pamoja. Keneli, ile walimu wetu wanaita noyau, ni programu yenye kusimama mashini ikiwaka, na njo inazungumza na vyuma: prosesa, memwari, diski, ekran, karte ya rezo. Programu zingine zote zinapita kwake. Keneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Leo iko na mistari ya kodi zaidi ya milioni 30, na sehemu kubwa ya hiyo ni dereva, yaani pilote za vyuma vya kila aina. Mashini yako haitumii hata sehemu ndogo ya hizo. Kukonfigure keneli ni kuchagua: hiki ndiyo, hiki hapana, hiki kikae pembeni kama moduli, kiitwe siku kitahitajika. Ni herufi tatu tu, y, n na m, lakini zinaulizwa mara maelfu.

Juu ya kazi hiyo, kati yetu vijana kuko makundi mawili. La kwanza linasema: "Ya nini kujisumbua? Ubuntu inakuja na kila kitu." La pili linakompile keneli kusudi lipige picha ya ekran na kuituma kwenye grupe. Kitabu hiki kinaweza kusaidia makundi yote mawili, lakini kwanza lazima tukisome kwa haki, tuseme uzuri wake na uzaifu wake.

Uzuri wake wa kwanza ni lugha. Kroah-Hartman ni mutu wa ndani: tangu mwaka 2005 yeye ni kati ya wale walioanzisha na kushika matoleo ya stable ya keneli, yale yenye kupokea marekebisho tu. Mutu kama huyo angeweza kuandika kwa kujionyesha. Hakufanya hivyo. Anakuambia programu gani uwe nazo, unachukua wapi kodi, unaifungua namna gani, unaandika nini. Anakukataza kujenga keneli ukiwa root, kwa sababu root anahitajika wakati wa kuiweka tu. Ni shauri dogo, lakini linaokoa mashini. Anaonyesha njia ya make defconfig ya kuanza na majibu tayari, na make menuconfig ya kutembea katika menyu. Sura sita za kwanza zinasomwa kwa siku mbili.

Sasa tufike sura ya 7. Ile sura haisemi tena "andika hiki, andika kile". Inauliza: wewe unajuaje ni vyuma gani viko ndani ya mashini yako? Na inatoa njia mbili. Ya kwanza: keneli ya distribution imekwisha kutambua vyuma, basi ingia katika /sys, fuata viungo, utaona karte yako ya rezo inashikwa na moduli gani. Ya pili: hakuna dereva yenye kushika, basi anza sufuri. Piga lspci, soma namba za chuma, zitafute katika kodi, ona ni dereva gani inazitaja, kiisha fungua Makefile ya folda ile kusudi upate jina la chaguo lenye kuanza na CONFIG.

Mufano. Unapiga lspci -nn kwenye mashini moja ya zamani, unaona 10ec:8139. Sehemu ya kwanza, 10ec, ni namba ya mutengenezaji, Realtek. Sehemu ya pili, 8139, ni namba ya chuma chenyewe. Unatafuta katika kodi, unakuta dereva mbili zenye kutaja namba zilezile: 8139too na 8139cp. Sasa utachagua gani? Unafungua kodi ya 8139cp, unaona inaangalia rivizyo ya chuma: kama iko chini ya 0x20, inakataa na kukutuma kwa 8139too. Kumbe jibu lilikuwa limeandikwa palepale, mbele ya macho ya kila mutu. Hakuna mukubwa wa kuombea ruhusa, hakuna fundi wa kulipa dola kumi kwa kusema "karte imekufa".

Hapo njo kitabu kinafikia kilele chake. Kinakufundisha kwamba mashini si sanduku la uchawi: iko na namba, namba ziko na dereva, dereva iko na jina, na jina liko na mulango wake katika konfigirasyo. Mwenye kushika ile njia mara moja atatumia fikra ileile kwa printa, kwa modemu, kwa kamera.

Basi kwa nini kuiweka sura ya 7? Hili ni kosa langu la kwanza kwa mwandishi... hapana, ni kosa lake, si langu! Musomaji anaambiwa achague kati ya maelfu ya chaguo katika sura ya 4, na njia ya kujua vyuma vyake inakuja sura tatu baadaye. Ni kama kumutuma mutu sokoni bila kuangalia kwanza nyumbani kunakosa nini. Atarudi na vitunguu alivyokuwa navyo, chumvi hakuna. Ushauri wangu kwa anayeanza leo: soma sura ya 1, ruka mpaka ya 7, kiisha rudi ya 2.

Uzaifu wa pili ni umri. Kitabu kiliandikwa juu ya keneli 2.6.18. Sura za 9 mpaka 11, zenye kuorodhesha komande na chaguo, zinakula nafasi kubwa, na njo zimezeeka zaidi. Chaguo zingine zilibadilishwa jina, zingine zilifutwa. Mapishi ya diski za IDE, ya sura ya 8, yanaongea juu ya kodi ambayo iliondolewa kabisa katika keneli 5.14, mwaka 2021. Hata i386, prosesa ambayo Linux ilizaliwa juu yake, iliondolewa katika toleo la 3.8, mwaka 2013. Orodha ndefu ndani ya kitabu ni chakula chenye kuoza. Kodi yenyewe iko na maelezo ya kila chaguo: ndani ya menuconfig bonyeza alama ya kuuliza, utasoma maelezo ya toleo lako, si ya mwaka 2006.

Uzaifu wa tatu: sura ya 7 inaishia kwenye dereva. Siku hizi karte nyingi za Wi-Fi zinahitaji pia firmware, fishie ingine ambayo dereva inaisukuma ndani ya chuma wakati wa kuwaka. Mwanafunzi anaweza kuchagua dereva sawasawa, moduli inaingia, na Wi-Fi inabaki kimya. Mbele ya kusema kitabu kimekudanganya, piga dmesg: keneli itakuambia ni fishie gani imekosa.

Kuko tena kitu ambacho mwandishi hangeweza kukijua. Mwisho wa mwaka 2009, toleo la 2.6.32 lilileta make localmodconfig. Komande hiyo inaangalia moduli zenye kutumika sasa katika mashini, na kuzima zingine zote. Kazi ambayo sura ya 7 inafanya kwa mukono, inafanyika kwa dakika chache. Je, sura imekufa? Hapana, na sababu ni hii: localmodconfig inaona tu kile kilichochomekwa saa ile. Kama modemu yako ya USB ilikuwa ndani ya sakoshi, keneli mupya haitaijua. Tena mutu akizima dereva ya diski bila kujua, ao akiiweka moduli bila kutengeneza initramfs, mashini itawaka na kusimama na neno la kutisha: Kernel panic, haikuweza kufungua diski ya mufumo. Mwenye kusoma sura ya 7 atajua anatafuta wapi. Mwenye kutegemea komande peke yake atasema kompyuta imerogwa. Kwa vyovyote, usifute keneli ya zamani mpaka ile mupya iwake mara kadhaa.

Sasa tuongee juu ya maisha yetu. Kitabu kinaongea na mutu mwenye moto siku nzima, intaneti ya haraka, na mashini yenye nguvu. Kwetu moto inakuja na kwenda, na mega zinahesabiwa. Kodi ya keneli ya leo, hata ikiwa imefinywa, inapita megabaiti 130. Kwenye laptop ya okazyo yenye prosesa ya zamani, kukompile kwa konfigirasyo ya distribution kunaweza kula usiku muzima. Haya si makosa ya mwandishi, lakini musomaji wa Bukavu ao Lubumbashi anapaswa kupata majibu yake.

Majibu yako. Moja: make inakumbuka. Moto ikikatika katikati, ukirudi inaendelea na fishie ambazo hazijakompilewa, haianzi sufuri. Mbili: si lazima kujenga kwenye mashini zaifu. Piga lsmod pale, andika matokeo katika fishie, peleka kwa mashini yenye nguvu, na localmodconfig inakubali kusoma orodha ile kwa njia ya LSMOD. Tatu: kodi ikidaunlodiwa mara moja, flash moja inatosha darasa zima.

Na swali kubwa: ni lazima kukompile? Mimi nasema, kwa mashini nyingi, hapana. Keneli ya distribution inajichagulia moduli yenyewe, na tofauti ya mwendo utaiona kwa shida. Tena keneli uliyojijengea, hakuna mutu atakurekebishia. Matoleo ya stable yanatoka mara kwa mara, hata kila wiki, na mengi yanaziba matundu ya usalama. Kitabu kinapita haraka juu ya hilo katika sura ya 6. Ningependa kingesema waziwazi: ukijenga nyumba yako, wewe njo fundi wa paa, mvua ikinyesha usitafute mutu.

Lakini kukompile na kujua mashini si kitu kimoja. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Microsoft ilifunga musaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Mashini nyingi tunazotumia, zile zenye kutoka Ulaya ao Dubai, hazina ruhusa hiyo. Nani atazipa maisha ya pili katika ofisi, shule na kabine za munganga? Ni sisi, ao hakuna mutu. Na ile kazi inaanza na swali la sura ya 7: ndani mwako kuko nini?

Hapo nageukia masomo yetu. Tunafundishwa mufumo endeshi kwenye ubao: prosesi, semafori, pajinasyo. Ni vizuri. Kiisha tunaandika TFC juu ya programu ya kusimamia stok ya duka fulani, na tunapata diploma bila kufungua hata mara moja folda ya drivers. Ningependa kuona TFC moja yenye kuchukua mashini kumi za zamani, kuandika namba za vyuma vyao, dereva gani zinatosha, keneli ndogo gani inawaka juu yao kwa memwari ya giga 1. Hiyo ni kazi ya akili, na iko na matokeo ya kushika na mukono.

Mwisho, kitabu hiki kiko na zawadi ambayo hatujaitumia. Kiko chini ya leseni ya Creative Commons, Attribution-ShareAlike 2.5. Maana yake: tunaweza kukitafsiri, kukifupisha na kukitengeneza upya bila kuomba ruhusa, tukitaja mwandishi na kuacha kazi yetu chini ya leseni ileile. Kitabu kizima hakistahili kutafsiriwa, sura za orodha ziachwe zipumzike. Lakini sura ya 7, yenye kuongezewa lspci -k, firmware na localmodconfig, ingetosha kijitabu cha kurasa 20 kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Kwa hiyo hukumu yangu: nusu ya kitabu imezeeka, robo ni nzuri, na sura moja ni ya lazima. Wale wenye kuwa tayari kutafsiri hiyo moja, waandike jina lao hapa chini. Tugawane kurasa.