Kumwimbia Aliyetangulia

Manju mwenye adabu, awe wa Nachingwea au wa Ruangwa, humtaja aliyemfundisha kabla ya kupaza sauti yake mwenyewe. Desturi hiyo ni njema. Lakini kumtaja mtu si sawa na kumheshimu. Twataka kuipima tofauti hiyo kwa waimbaji wawili wa Unguja: Siti binti Saad, na Bi Kidude aliyeziimba nyimbo zake kwa miaka mingi.

Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, akawa muuza vyungu. Mwaka 1928 alivuka bahari hata Bombay, akatiwa katika santuri akiimba kwa Kiswahili. Alikufa mwaka 1950. Santuri za siku zile zilikuwa na kipimo chake: upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu, na wimbo hauna budi kukatwa ufuate kipimo hicho. Kwa hiyo asikilizaye leo husikia sauti iliyobanwa, ikipita upesi kati ya udi na fidla.

Bi Kidude, ndiye Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, hakukubali kubanwa. Alipoimba mbele ya watu, kama katika tamasha la Sauti za Busara huko Ngome Kongwe, sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Asiyejua angesema ameziharibu nyimbo za Siti. Sisi twasema sivyo. Bibi huyu alikuwa somo wa unyago, na mkono wake ulizoea ngoma ya msondo. Unyago wa Unguja una mizizi bara, kwa watu waliochukuliwa utumwani, na wengi wao walitoka pande hizi za kusini. Basi mtu wa Ruangwa amsikiapo Bi Kidude hajioni mgeni. Bibi hakumwiga Siti, bali alimjibu kwa sauti aliyopewa yeye.

Lakini twaona hatari, nayo haiko kwa mwimbaji, iko kwetu wasikilizaji. Chukua wimbo wa Kijiti. Habari yake ni ya kweli: mwanamke mja mzito aliyetoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti aliyatangaza hayo wakati ambapo wanyonge hawakuwa na gazeti lao. Tulipowasikilizisha vijana wetu wimbo huo kwa sauti ya Bi Kidude, walipiga makofi na kucheza. Tulipowaeleza habari yake walinyamaza, na mmoja akauliza kwa nini waliofungwa ni mashahidi. Hapo ndipo wimbo ulipoanza kufanya kazi yake.

Kadhalika watu wengi, hata wa Ulaya, walimsifu Bi Kidude kwa uzee wake na sigara yake, wasiulize aliimba nini. Mwaka 2020 kitukuu cha Siti, Siti Muharam, alitoa albamu iitwayo Siti of Unguja kwa heshima ya bibi yake huyo. Kazi ni safi, na ala zimepangwa kwa uangalifu. Lakini hata usafi huo una mtego wake: sauti ikiwa tamu mno, asiyefahamu maneno hutosheka na utamu, akaondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu wa wilaya hizi mbili: mtoto akiimba wimbo wa bibi yake, msimsahihishe sauti kwanza. Mwulizeni wimbo ule ulimtetea nani. Akijua, na auimbe kwa sauti yake mwenyewe. Asipojua, mtumeni nyumbani akaulize, maadamu bibi yungali hai.