Sponji Imekula Juu, Imeacha Chini

Trei za mayai hazizuii kelele. Tulimalize hilo mapema. Ni nyepesi mno kuzuia mlio wa bodaboda na nyembamba mno kunyonya besi. Aliyejenga kibanda ninachokichambua hapa alilijua hilo, akazikwepa, akanunua sponji ya studio. Sauti ikatoka mbaya vilevile, tofauti ikawa bei.

Kibanda kiko kwenye kona ya chumba cha kupanga Tandika, Dar es Salaam: fremu ya mbao, plaiwudi ya milimita 9, upana mita 1.2, kina mita 1.2, kimo mita 2.1. Kuta zote, dari na mlango vilibandikwa sponji ya sentimita 2.5 hadi pasiwe na ubao unaoonekana. Ukijifungia humo masikio yanaziba, na wengi ukimya huo ndio wanaouita studio. Lakini sikiliza kilichorekodiwa: "s" na "sh" zimefifia, pumzi ya mwimbaji haisikiki, na kila akishukia noti fulani ya chini sauti inavimba kama anaimba ndani ya pipa. Prodyuza akikata besi kwenye ikwalaiza, wimbo mzima unakonda.

Sponji humaliza nguvu ya sauti kwa kuikwaruza hewa inayotikisika ndani ya vitundu vyake. Sasa, hewa iliyogusana na ukuta haina pa kwenda; mtikisiko wake unakuwa mkubwa zaidi mbali na ukuta, kwa umbali wa robo ya urefu wa wimbi. Kwa joto la nyuzi 28, sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde. Sauti ya hezi 4,000, kule zinakoishi "s" na "sh", ina wimbi la sentimita 8.7, na robo yake ni sentimita 2 na kidogo. Sponji ile inaidaka vizuri sana. Sauti ya hezi 145 ina wimbi la mita 2.4, robo yake sentimita 60. Kwa sauti hiyo, sponji ya sentimita 2.5 ni rangi ya ukutani tu.

Namba 145 sikuiokota. Kuta mbili zinazotazamana kwa mita 1.2 hubeba nusu ya wimbi la mita 2.4, kwa hiyo hezi 145 hugongana humo huku na huko na kujijaza. Kibanda hiki kina jozi mbili za kuta kama hizo, upana na kina vikiwa sawa, na uvimbe ukapandiana juu ya uvimbe. Hezi 145 ziko karibu kabisa na noti ya D iliyo chini ya C ya kati, mahali ambapo mwanamume anayerap hupita kila mstari. Kingejengwa mita 1.2 kwa 1, uvimbe wa pili ungehamia hezi 174, na shida ingegawanyika.

Elimu hii ya sauti ndani ya vyumba ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwomba mhadhiri kijana wa fizikia, Wallace Sabine, atibu ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg, ambako neno lilielea sekunde tano na zaidi. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders na kupima sauti ya filimbi ya kinanda ilivyofifia. Kanuni ya kufifia kwa sauti aliyoipata bado inatumika, ila katika kumbi zenye nafasi ya sauti kutawanyika. Kwenye kisanduku cha mita za ujazo tatu haisaidii sana.

Marekebisho yalianza kwa kubomoa. Plaiwudi ya ubavu mmoja iling'olewa, mahali pake pakaning'inizwa mablanketi mazito mawili yenye mikunjo. Besi hupita kwenye blanketi na kutokea chumbani, penye kitanda na kabati la nguo, badala ya kurudi. Mwenye kibanda aliogopa kelele zitaingia. Zilikuwa zinaingia tangu mwanzo: plaiwudi ya milimita 9 na mlango wenye nyufa havizuii mengi, maana kuzuia kunataka uzito na kuziba kila upenyo. Usiku wa manane ni dawa ya bei nafuu zaidi, kama alivyoona Sabine.

Unene wote ukapelekwa nyuma ya mwimbaji. Maiki aliyonayo hupokea zaidi sauti inayotoka mbele yake. Uso wa maiki unamtazama mwimbaji pamoja na ukuta ulio mgongoni kwake, lakini watu wengi hubandika upande wa nyuma ya maiki, usio na kazi. Hapo iliwekwa pamba ya mawe ya sentimita 10, na nyuma yake pengo la sentimita 10. Juu yake khanga: kitambaa chochote kinafaa ikiwa ukikipuliza pumzi inapita. Turubai halifai. Pamba ya mawe huwasha ngozi na vumbi lake si la kuvuta, kwa hiyo glovu na barakoa. Godoro zito la sufi au la makumbi ya nazi nalo lina nyuzi zinazofanya kazi hiyohiyo, na Pwani hilo halihitaji kuagizwa.

Sponji nyingi ikabanduliwa ili ubao uonekane na "s" zirudi. Sikusikitika, kwa sababu nyingine. Sponji ya kawaida hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Ndiyo iliyowaka katika klabu ya The Station, Rhode Island, mwaka 2003, wakafa watu 100, na katika klabu ya Kiss huko Brazil mwaka 2013, wakafa 242. Balbu ya moto ndani ya kibanda kilichofungwa si kitu cha kufanyia mzaha.

Maiki nayo ilisogezwa. Ilikuwa sentimita 30 kutoka ukutani. Mwangwi uliokuwa ukirudi ukiwa umechelewa sentimita 60 ulifuta sauti iliyo karibu na hezi 290. Sasa ukuta ulio karibu nayo zaidi ni wa mablanketi.

Noti ya D bado inajitokeza kidogo, na mkato mwembamba kwenye ikwalaiza unaitosha. Kimo hakikuguswa. Mita 2.1 huvimbisha hasa hezi 83, na kichujio cha sauti za chini kikiwekwa hezi 90 kinaipunguza bila kuwagusa waimbaji wengi.