Gogo la Mkiwa na Kapu la Wagiriki

Mkiwa ni njia panda. Anayetoka Manyoni kwenda Singida hupita hapo. Anayekwenda Itigi, Rungwa hadi Makongolosi hukunja hapo. Jina hilo kwa Kiswahili ni la mtu aliyeachwa peke yake, jina lisiloendana na mahali panapopitwa na magari namna ile. Ukishika barabara ya Itigi unaelekea kwenye vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea wanavitambua kwa jina hilohilo la Itigi, na mbele zaidi kuna miyombo. Hiyo ni nchi ya mzinga wa gogo. Wengi wanauona mzinga huo kama chombo cha ushamba kinachongoja zamu yake ya kutupwa. Nadhani wanakosea, maana wanautazama mti na kumsahau fundi.

Gogo la mita moja hivi hupasuliwa kwa urefu, kila nusu ikachongwa kwa tezo hadi ibaki kama mtumbwi mdogo, kisha nusu mbili zikafunikana na kukazwa kwa kamba. Huachwa tundu dogo la nyuki kupita. Hadi hapo ni useremala tu. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Mzinga uning'inizwe mbali na shina, kwa kijiti chenye kigoe, kwa sababu nyegere anajua kupanda mti na haogopi kuumwa. Uwe kivulini, maji yasiwe mbali, na miti inayotoa maua iwepo kabla na baada ya mvua. Ndani husuguliwa nta ya zamani ili nyuki wapelelezi wainuse. Hapo mrina amemaliza ya kwake, anangoja. Mfugaji wa ng'ombe ana zizi, mrina hana. Nyuki wetu wa Afrika njaa ikiwabana, au wakisumbuliwa mno, huhama kundi zima bila kuaga. Neno "kufuga" tumewapa kwa ukarimu tu. Ufundi wa mrina ni wa mwenyeji anayeandaa nyumba ya mgeni asiyelazimika kuja.

Wanaoupigia debe mzinga wa kisasa wangefaa kuuliza huo usasa umetoka wapi. Sanduku lenye mbavu za mteremko na papi zilizopangwa juu yake lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Wakanada. Kila papi ina upana wa milimita 32 hivi, kipimo cha nyuki wa Kiafrika, na hubeba sega moja linaloinuliwa bila kuvunja mengine. Lakini wazo hilo ni la wakulima wa Ugiriki. Mwingereza George Wheler, katika kitabu chake cha safari cha 1682, alieleza makapu ya mlima Hymettus, karibu na Athens: mapana juu, membamba chini, yamekandikwa udongo, na juu yake vijiti bapa ambavyo nyuki walijengea masega. Mfugaji wa nyuki Langstroth wa Marekani alikuja baadaye kuitambua nafasi ambayo nyuki huiacha wazi kati ya masega mwaka 1851. Kwa hiyo tunachokiita kisasa Singida ni kienyeji cha Wagiriki, kilichobahatika kupata mtu wa kukiandika.

Atasema mtu kwamba gogo linamaliza miti. Mzinga wa gome kweli una hatia, kwani mti ukivuliwa gome mzunguko mzima hufa. Gogo nalo hukata mti, lakini mti mmoja hutoa mizinga kadhaa inayodumu miaka, ilhali tanuri la mkaa huuteketeza mara moja. Tena mrina ndiye mwenye sababu ya kutaka kichaka kibaki. Pingamizi zito zaidi ni la asali yenyewe: sega la majana, yaani watoto wa nyuki, likikamuliwa pamoja na la asali, na moshi ukazidi, bidhaa inaharibika na kundi linaangamia. Hili silipingi, na papi hapa zimeshinda. Ila hata kwenye gogo mrina mzuri anajua kwamba majana hukaa karibu na mlango na asali hurundikwa mbali nao, hivyo hufungua upande wa nyuma na kuacha sehemu. Na sanduku la papi likiwekwa juani, mbali na maua, litakuwa nyumba ya mijusi. Wagawaji wa mizinga huhesabu masanduku. Ni mara chache wakahesabu miti inayochanua.

Asali ikishachujwa, makapi huchemshwa kwa maji, nta ikaelea na kuganda. Nyingi huuzwa. Kipande kidogo huwekwa kando, kikasuguliwe ndani ya gogo jipya kabla halijapandishwa mtini.