Kiwanja Hakiuzwi: Ukanushi, Wajibu na Kauli ya Kutendwa kwa Macho ya Kasungami

Anayetembea katika mitaa ya pembezoni ya miji ya Afrika hukutana na maandishi ya rangi juu ya kuta, yenye ujumbe mmoja kila mahali. Dar es Salaam huandikwa kwamba nyumba hii au kiwanja hiki hakiuzwi. Katika miji ya Kongo hutumika Kifaransa, nacho husema kwamba hiyo ni parseli ya kutouzwa. Maandishi hayo ni kinga dhidi ya matapeli, na dhidi ya ndugu wa ukoo wanaouza mali isiyo yao wakati mwenyewe yuko safarini au amefariki. Kwa mkazi wa Kasungami, kitongoji cha komini ya Annexe mjini Lubumbashi, neno moja lililokosewa katika shughuli ya ardhi laweza kumgharimu makazi yake. Kwa hiyo suala linalojadiliwa hapa, yaani namna ukanushi, wajibu na kauli ya kutendwa vinavyokutana katika tungo moja, halipaswi kuachwa mikononi mwa walimu wa sarufi peke yao.

Sarufi nyingi za Kiswahili, zikiwemo zile zitumikazo shuleni, huuweka ukanushi katika sura yake, na mnyambuliko wa vitenzi katika sura nyingine. Vitenzi kama weza, pasa na taka hupewa aya chache, tena katika hali yakinishi. Mwanafunzi huachwa ajiunganishie mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba anapofasiri kutoka Kiingereza au Kifaransa hufuata umbo la lugha ngeni hatua kwa hatua, akidhani maana itafuata umbo.

Kiingereza chenyewe si mwalimu mwaminifu katika jambo hili. "Must not be sold" ina maana kwamba kuna wajibu wa kutouza. Kikanushi kimesimama baada ya kitenzi cha wajibu, lakini kinachokanushwa ni kuuza. "Need not be sold" huonekana kuwa na umbo lile lile, ilhali humaanisha kwamba wajibu wenyewe haupo. "May not be sold" huelekea pande mbili: ama hairuhusiwi, ama huenda isiuzwe. Kifaransa nacho husema "il ne faut pas", ambapo kikanushi kimelizunguka neno la wajibu, na bado maana ni katazo. Mtoto wa Lubumbashi anayejifunza Kifaransa darasani, kisha Kiingereza, huku nyumbani akisema Kiswahili cha mji wake, hubeba mitego yote hiyo pamoja.

Kiswahili kina njia yake, nayo ni wazi kuliko inavyodhaniwa. "Si lazima kiuzwe" na "lazima kisiuzwe" hazichanganyiki hata kidogo. Ya kwanza humpa mwenyeji hiari. Ya pili humfunga mikono. Kikanushi hukaa pale pale kinapofanya kazi, ama kwenye wajibu ama kwenye tendo. Anayefasiri "il ne faut pas" kuwa "si lazima" kwa kufuata mpangilio wa maneno amegeuza katazo likawa ruhusa, na hapana msomaji atakayemlaumu mwandishi wa asili kwa kosa hilo.

Ugumu huanza kwenye "hakiwezi kuuzwa". Tungo hii hutumiwa ovyo katika tafsiri za sheria na matangazo, na yafaa ikosolewe kwa sababu mbili. Kwanza, haisemi kama kizuizi ni cha nguvu au cha sheria. Pili, kauli ya kutendwa imehamisha uwezo kutoka kwa mtu na kuutia katika kitu. Mtu akisema "mjane hawezi kuuza kiwanja", habari ni ya mjane: labda hana hati, labda wakwe wamemzuia. Akisema "kiwanja hakiwezi kuuzwa na mjane", habari imekuwa ya kiwanja, kana kwamba udongo wenyewe una kasoro. Ukimwondoa mjane kabisa, kama kauli ya kutendwa inavyoruhusu, humjui tena aliyezuiwa wala aliyezuia. Jaribio hilo hilo likifanywa kwa kitenzi taka, upungufu huonekana mara moja. "Mwenyeji hataki kuuza" ni sentensi ya kila siku. "Kiwanja hakitaki kuuzwa" itachekesha baraza.

Lawama kama hiyo yastahili pia "hakipaswi kuuzwa". Kitenzi paswa tayari ni kauli ya kutendwa ya pasa. Watu wa zamani walisema "haikupasi kukiuza", na wajibu ukamwangukia mtu aliyetajwa ndani ya kitenzi. Leo wajibu huangukia kiwanja, na tungo hubeba kutendwa mara mbili bila mtendaji hata mmoja. Ni kweli kwamba matumizi haya yameenea mno, na si kazi ya mhakiki kuyafuta. Lakini katika maandishi ambayo mtu atashtakiwa kwayo, swali la nani hapaswi ni lazima lijibiwe.

Iko pia kauli ya kutendeka, ambayo wafasiri huisahau. Hailiki, haipitiki, hausomeki: ukanushi, uwezo na kutendwa vimeingia katika neno moja, wala haihitaji weza. Hata hivyo haifai kila mahali. "Hakiuziki" kwa masikio ya mwambao ni kiwanja kisichopata mnunuzi, pengine kwa kuwa kiko bondeni. Si kiwanja kilichokatazwa. Kauli hii haikubali mtendaji kwa kihusishi na, na ndiyo maana hulala upande wa hali ya vitu kuliko upande wa amri.

Hapo ndipo Kasungami inapoingia. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho Edgar Polomé alikieleza mwaka 1968 na ambacho Ferrari, Kalunga na Mulumbwa walikitolea kitabu chenye sarufi, matini na msamiati mwaka 2014, kuuza ni kununua, na kutoa mali kwa fedha ni kuuzisha. Kiwanja chenye boma ni lupango. Basi maandishi ya Dar es Salaam yakipelekwa Kasungami yatasomwa kwamba kiwanja hakinunuliwi. Ajabu ni kwamba hayaharibiki. Kwa kuwa kauli ya kutendwa imewafuta muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, biashara iliyokatazwa ni ile ile, itazamwe kutoka upande wowote. Lakini mara tu mtendaji arudishwapo, kama mazungumzo ya huko yapendavyo kufanya kwa kiambishi ba- cha watu wasiotajwa, tofauti hufufuka: "habawezi kuuzisha lupango" humwonya tapeli, na "habawezi kuuza lupango" humwonya mteja wake.

Jambo hili si la mzaha wa maneno. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inaifanya ardhi kuwa mali ya Dola peke yake, na kwa neno moja la Kifaransa, "inaliénable", inaizuia isihamishwe kwa mwingine. Neno hilo limekusanya ukanushi, uwezo na kutendwa katika kivumishi, na ni mwanasheria tu anayejua kwamba wauzianao viwanja kwa kweli huuziana haki za matumizi na majengo, si udongo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na kifungu cha 142 kinaitaka Serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo katika siku 60 tangu zitangazwe rasmi. Yeyote atakayeshika kalamu kuitimiza kazi hiyo atakutana na kivumishi kile.

Akiandika "ardhi haiuziki", msomaji wa mwambao atadhani imekosa soko. Akiandika "ardhi haiwezi kuuzwa", mkazi wa Kasungami ambaye jana ameona jirani akipokea fedha za lupango atasema sheria haijui mambo ya mjini. Akiandika "ardhi si lazima iuzwe", amepotosha. Pengine iliyo salama zaidi ni ile inayomrudisha mtendaji na kumkana: "ardhi ni ya Leta, hakuna awezaye kuiuzisha, wala Leta yenyewe". Leta ndilo jina la Dola katika Kiswahili cha Kongo, na kuuzisha halitaeleweka vibaya Lubumbashi. Wahariri wa Kiswahili sanifu watataka kulikata silabi moja neno hilo.