Kishonanguo kwenye kipodozi: kiyeyushi ndicho kinachoamua

Mkulima wa mahindi Songea hahitaji kuelezwa kishonanguo ni nini. Hukipalilia kikarudi, majani yake huyapika mboga, na mbegu zake hurudi naye nyumbani zimeganda kwenye pindo la suruali. Nchini Brazili dondoo la mmea huohuo, Bidens pilosa, limeshaingia kwenye vipodozi, na sifa mojawapo inayotajwa ni wingi wa antioksidanti. Sifa hiyo ni ya kweli, ila kipimo kinachoizaa ni chepesi mno. Maua na majani hukaushwa kivulini, husagwa, huloweshwa kwenye ethanoli na kuchujwa; kisha kimiminika kinachobaki hutiwa kwenye DPPH, kemikali ya zambarau inayofifia kuwa njano inapokutana na antioksidanti, na mashine husoma mfifio huo kwenye mwanga wa nanomita 517. Majani ya chai nayo hufaulu mtihani huu, tena kwa alama za juu. Kipimo hakisemi ndani ya dondoo mna nini kingine.

Swali la maana ni hili: dondoo lilitolewa kwa kiyeyushi gani, yaani kimiminika gani kilivuta kemikali za mmea? Maji na ethanoli huvuta flavonoidi na chalkoni, zikiwemo za jamii ya okanini, na hizo ndizo zinazofifisha zambarau. Mafuta huvuta zaidi vitu vya aina nyingine. Kishonanguo kina poliasetilini, mojawapo ikiwa fenilheptatriini (C13H8), molekuli inayopenda mafuta na kuyakwepa maji. Katika maabara ya mtafiti G. H. N. Towers huko Vancouver, miaka ya 1970 kuelekea 1980, ilionekana kwamba molekuli hiyo huua vijidudu, na hata seli za ngozi ya binadamu zilizooteshwa kwenye vyombo, ikimulikwa kwa mionzi ya UVA, ambayo imo pia kwenye jua. Kwa hiyo anayechemsha kishonanguo kwa maji na anayekikaanga kwenye mafuta ya nazi wana bidhaa mbili tofauti zenye jina moja, na ya pili ndiyo inayopakwa mtu akatoka juani.

Atakayepinga atasema watu wamekila miaka mingi bila madhara. Ni kweli, lakini mboga huchemshwa, humeng'enywa, na tumboni hakuna jua. Usalama wa chungu hauthibitishi usalama wa shavu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kuua seli kwenye chombo si kuunguza ngozi ya mtu, kwa kuwa ngozi hai ina tabaka la kinga na kiasi kinachopenya huenda kikawa kidogo. Nalikubali. Ndiyo sababu natetea upimaji, si marufuku. Wala upimaji wa awali hauhitaji mtambo wa mamilioni: kromatografia ya tabaka jembamba, yaani kibao chenye silika, kiyeyushi na taa ya urujuanimno, inatosha kuonyesha kama dondoo la mafuta lina madoa ambayo la maji halina. Doa likionekana, hapo ndipo sampuli ipelekwe kwenye maabara kubwa kutambuliwa na kupimwa kiasi.

Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Mjasiriamali wa Songea asiende huko na karatasi ya DPPH peke yake. Aandike kwenye lebo kiyeyushi alichotumia, na losheni ya mafuta ya kishonanguo asiiuze kama ya mchana kabla haijapimwa chini ya mwanga.