Gereza Lisiloitwa Gereza: Uhakiki wa Ziara ya Ngome ya Ibo

Kabla sijafika Ibo nilikuwa nimeshaambiwa nitaona nini. Katika nyumba ya wageni tuliyolala mjini Pemba, ile Pemba ya Msumbiji na si ya karafuu, nilikuta mezani karatasi ya matangazo yenye picha ya ukuta mweupe, mzinga na minazi miwili. Chini yake, kwa Kireno, msomaji aliahidiwa "ngome ya zama za kati". Niliikunja nikaitia mfukoni. Kesho yake nikapanda boti pamoja na mjomba wangu, tukapita kati ya mikoko huku nahodha akiangalia maji yasije yakapwa tukiwa njiani.

Katika makala haya ninaihakiki ziara ile kama tunavyohakiki matini yoyote. Ziara ina msimulizi, ina hadhira, ina mpangilio wa matukio, na ina mambo inayoyaacha. Hoja yangu ni kwamba ngome ya Ibo inasimuliwa kwa mtalii kwa namna inayoisukuma mbali na sisi, na kwamba usukumaji huo unafanywa kwa lugha. Nitaanza na neno, kisha mpangilio, kisha sarufi. Mwisho nitajihakiki mwenyewe, kwa sababu siku ile nilikuwa mmoja wa hadhira.

Tuanze na neno "zama za kati". Ngome ya São João Baptista, yenye umbo la nyota na mizinga iliyoelekezwa baharini, ilijengwa na Wareno mwaka 1791. Huo si wakati wa zama za kati kwa kalenda yoyote. Mwaka 1791 mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yameshaanza, na mwezi Agosti mwaka huohuo watumwa wa Haiti walisimama kudai uhuru wao. Kilichoitajirisha Ibo wakati huo kilikuwa hasa biashara ya watu. Wafaransa walihitaji watumwa kwa mashamba ya visiwa tunavyoviita leo Mauritius na Réunion, wakawatafuta katika pwani yetu yote. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka. Bandari ya Ibo ilikuwa katika mnyororo huohuo.

Kwa hiyo kuiita ngome hii ya zama za kati ni zaidi ya kosa la tarehe. Zama za kati ni mahali pa hadithi: kuna wafalme, kuna mapanga, na hakuna anayedaiwa. Mwaka 1791 uko karibu mno kwa starehe ya namna hiyo. Ukihesabu vizazi unafika. Ndiyo maana neno hilo linapendeza kwenye matangazo: linampa mgeni ukale bila kumpa deni.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba zama za kati za kweli zilikuwepo hapahapa. Visiwa vya Kirimba vilikuwa na wafanyabiashara Waislamu kabla ya Mreno kupita. Wareno wenyewe waliviita visiwa vya Maluane, kwa jina la nguo maarufu iliyofumwa na kutiwa rangi huko. Katika miaka ya 1520 walikivamia kisiwa cha Kirimba na kukichoma moto, kwa kuwa watu wake walifanya biashara nje ya amri yao. Lakini nguo huoza, na mji uliochomwa hauachi ukuta wa kupigia picha. Hivyo heshima ya ukale inachukuliwa kutoka kwa waliofuma na kupewa waliojenga ngome zaidi ya miaka mia mbili na nusu baadaye.

Kilwa Kisiwani tunaweza kulinganisha mambo haya kwa macho. Pale zama za kati zimesimama: Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hassan bin Sulaiman, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Husuni ni neno la Kiarabu la ngome, ingawa jengo lile lilikuwa kasri, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogelea la pembe nane. Hatua kidogo kutoka mji wa zamani liko jengo jingine, ambalo mwanzo wake ni boma la Wareno la mwaka 1505 na ambalo lilijengwa upya baadaye wakati wa Waarabu wa Omani. Hilo watu wa Kilwa wanaliita Gereza.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kusimama. Wanaisimu wengi wanakubali kwamba "gereza" limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Neno lilitoka kanisani, likapita ngomeni, likaishia kwenye jela, na wenye lugha hawakuona ajabu. Ukitembea pwani unaona kwa nini. Ngome Kongwe ya Unguja imesimama mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ikafungiwa watu. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Na ngome ya Ibo, wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, ilikuwa mahali ambapo polisi wa siri wa Ureno waliwafungia wapigania uhuru na waliodhaniwa kuwasaidia. Kwa hiyo neno gereza ni ushahidi. Wazee wetu waliyatazama majengo haya kwa nje na kwa ndani, wakayapa jina kwa kile yaliyowafanyia watu. Matangazo ya utalii yanayapa jina kwa jinsi yanavyoonekana kutoka kwenye boti.

Sasa mpangilio. Kundi letu lilikuwa na watu sita. Mwongoza watalii, kijana wa makamo yangu au amenizidi kidogo, alituanzisha nje, akatupandisha ukutani, akatupitisha mzinga baada ya mzinga, kisha akatuonyesha bahari. Baada ya hapo tukashuka kwenye vyumba vya wafungwa, halafu langoni kwa masonara, ambao hukaa humo ngomeni wakitengeneza mikufu na vipuli vya fedha kwa vifaa vidogo mno. Niliangalia saa ya simu. Juu ya kuta tulikaa karibu nusu saa. Kwenye vyumba vya wafungwa hatukumaliza dakika tano. Simlaumu yule kijana. Sisi ndio tuliouliza juu ya mizinga inarusha umbali gani, na kule chini hakuna aliyeuliza kitu. Msimulizi yeyote hujifunza hadhira yake inataka nini.

Jambo la tatu ni sarufi, na hili ndilo lililonifanya niandike. Alipotueleza juu ya vyumba vile, kijana alisema kwa Kireno sentensi moja iliyonyooka, ambayo kwa Kiswahili ingekuwa: "Hapa walishikiliwa wapinzani wa utawala." Ni kauli ya kutendwa, safi kama ya kitabuni. Aliyetenda hayumo. Waliotendwa wamepewa cheo kimoja cha jumla, wapinzani. Wenzangu wakaitikia kwa kichwa, wakatoka.

Nilibaki nyuma na mjomba. Kireno nakielewa kwa likizo nyingi nilizokaa kwake, lakini yeye akiwa na jambo zito husema Kiswahili. Akamwambia, "Pole na kazi, mwanangu. Humu ndimo?" Kijana akageuka, akacheka kidogo kwa mshangao, akajibu kwa lugha ileile, yenye lafudhi ya Kimwani: "Ndimo humu, mzee. Waliwaweka watu humu. Wengine majina yao tunayajua."

Itazameni sentensi ile, wanafunzi wenzangu. Wa-li-wa-weka. Kiambishi cha kwanza kinabeba watendaji, cha tatu kinabeba watendwa, na wote wamo ndani ya kitenzi kimoja, hawawezi kukwepana. Kisha "wapinzani" wamegeuka kuwa "watu", na watu hao wana majina, na anayeyajua ni "sisi". Msimulizi ni yuleyule, chumba ni kilekile, na kati ya matini hizi mbili haikupita hata dakika kumi. Sisemi kwamba Kireno hakiwezi kusema hivyo. Kinaweza, na kwa wengi wa Msumbiji Kireno nacho ni chao. Ninachosema ni kwamba ziara imeandikiwa hadhira fulani, na hadhira hiyo ilipobadilika, hata kwa salamu moja ya mzee, matini ilibadilika.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Rafiki yangu niliyemsomea rasimu ya makala haya aliniambia: "Wewe umeshiba. Wale masonara wanakula kwa huyo mtalii unayemsema." Ni kweli. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Ibo na kubomoa nyumba nyingi. Kabla yake, Oktoba 2017, mashambulizi yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia, na Machi 2021 yakaifikia Palma. Watu wakakimbilia visiwani wakiwa na vifurushi vyao, Ibo ikawapokea, na watalii wakaadimika. Katika hali hiyo, kumwambia mtu aharibu biashara yake kwa habari za jela ni rahisi kwa anayerudi chuoni.

Lakini pingamizi hilo linachukulia kwamba ukweli hauuziki. Mimi naona kinyume chake. Ngome za umbo la nyota ziko nyingi duniani, na mizinga ni mizinga. Kitu ambacho Ibo pekee inacho ni kijana anayeyajua majina. Tena vita vinavyoendelea Cabo Delgado vinanipa sababu zaidi ya kutaka hayo yasemwe. Mahali ambapo watu wanafungwa, wanapotea na kukimbia leo hapafai kuwa na jengo la jana linalosimuliwa kama pambo. Tukizoea kusema "walishikiliwa" kwa waliopita, tutasema hivyohivyo kwa waliopo.

Nimeahidi kujihakiki. Nilipokuwa juu ya ukuta nilikaa kwenye mzinga kama unavyokaa kwenye pikipiki, nikamwomba mwenzetu mmoja anipige picha. Niliporudi Mtwara nilimwonyesha bibi. Bibi alivuka mto Ruvuma akiwa msichana wakati wa vita vya ukombozi, na hakurudi tena. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akitamka ngome ya Ibo. Akitaja lile jengo husema "kule gerezani".

Aliishika simu mbali na macho, akaitazama sana.

"Ni wewe huyu, mume wangu?"

"Ni mimi, bibi."

"Unacheka nini pale?"

Sikuwa na jibu. Naye hakulitaka. Alinirudishia simu akaendelea kupepeta mchele.

Nimelifikiria swali lile kama mhakiki na kama mjukuu. Kama mhakiki naliona ni swali la mtazamo: nilikuwa nimesimama upande upi wa mzinga? Kama mjukuu najua kwamba nilikwenda na karatasi mfukoni nikaiamini kuliko neno nililolisikia nyumbani tangu utotoni. Neno lilikuwa sahihi. Lilikuwa limeshanieleza jengo lile lilikuwa nini kabla sijapanda boti.

Pendekezo langu ni dogo. Sitaki ngome ifungwe wala masonara wahamishwe. Nataka ziara ianzie chini, kwenye vyumba, kabla ya kupanda ukutani. Nataka tarehe 1791 itajwe pamoja na biashara iliyoitajirisha Ibo, na nguo za Maluane zitajwe kama zama za kati zetu. Na nataka Kimwani na Kiswahili viwe miongoni mwa lugha za ziara, kwa mgeni yeyote anayezijua. Sisi tunaosoma Kiswahili tunaweza kuanza na kazi iliyo ndani ya uwezo wetu: kwenda na daftari, kumsalimia yule kijana kwa adabu, na kumwomba atutajie majina.