Ndege Ameruka au Ndege Imeruka? Maoni Kuhusu Tawasifu za Marubani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa, nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu. Swali lilikuwa la kawaida: andika kisa kuhusu safari ambayo hutaisahau. Msichana mmoja aliandika kuhusu rubani wa ndege ndogo aliyekumbwa na dhoruba. Mwanzoni ndege yake ilipaa, ilinguruma, ilipasua mawingu, na upatanisho wa kisarufi ulikuwa sawa. Injini ilipoanza kukohoa, mambo yakabadilika. Ndege akachoka. Ndege akatetemeka. Ndege akamsihi rubani amtafutie mahali pa kutua. Kalamu yangu nyekundu haikusita. Nilipigia mstari kila kiambishi, nikaandika pembeni "Ngeli!" na kumpa alama 9 kati ya 20.

Alinifuata katika chumba cha walimu akiwa na daftari mkononi. "Mwalimu," akasema, "hapo alikuwa ameshakuwa hai." Nilimjibu kuwa eropleni haiwi hai, iko katika ngeli ya I-ZI, na kuwa mtihani hautamhurumia. Akaenda zake. Nilikuja kulikumbuka jibu lake muda mrefu baadaye, nilipokuwa nikisoma vitabu ambavyo marubani wameviandika kuhusu maisha yao, na hasa kitabu kimoja kinachotuhusu sisi Wakenya kwa karibu.

Kitabu hicho ni West with the Night cha Beryl Markham, kilichochapishwa mwaka wa 1942. Markham alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akalelewa katika shamba la babake huko Njoro. Alifunza farasi wa mashindano kabla ya kujifunza kuendesha ndege. Mnamo Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akavuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi usiku kucha bila redio, na baada ya saa 21 hivi akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alifariki Nairobi mwaka wa 1986. Si kitabu cha kiada, wala sidai kiwe. Hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili anayefundisha tawasifu atapata humo mifano ambayo hatukosi kuihitaji darasani.

Tuanze na muundo. Watahiniwa wengi wakiambiwa waandike tawasifu huanza kwa tarehe ya kuzaliwa, wakaendelea na shule ya chekechea, kisha ya msingi, hadi wino unaisha kabla ya jambo lolote kutokea. Markham haanzi Njoro. Anaanza mwaka wa 1935, akiwa rubani tayari, ameitwa usiku apeleke oksijeni huko Nungwe, Tanganyika, kwa mchimba dhahabu aliye taabani. Msomaji anaingizwa gizani pamoja naye, akiutafuta uwanja ulioangaziwa kwa mioto michache. Ni baada ya hapo ambapo mbinu rejeshi inaturudisha utotoni, kwenye simba aliyemshambulia akiwa mtoto na kwenye uwindaji pamoja na wanaume wa Kinandi. Tukifika utotoni tunajua tayari kuwa mtoto huyu atafika angani, na kila tukio tunalisoma kwa jicho hilo.

Kuhusu taharuki, naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo insha za wanafunzi wetu huanguka. Mwanafunzi akitaka kututia hofu hutuambia kuwa moyo ulimdunda kama ngoma, jasho likamtiririka, nywele zikamsimama. Tumezisoma tashbihi hizo mara elfu na hatuogopi tena. Sasa angalia safari ile ya Atlantiki. Ndege ilikuwa imeongezewa matangi ya mafuta, na rubani alitakiwa aliache tangi moja likauke kabisa ndipo afungue jingine. Maana yake ni kwamba lazima injini izime kwanza. Katikati ya usiku, juu ya maji, injini inanyamaza. Rubani anapapasa vali gizani, anafungua, anasubiri. Ndege inaendelea kushuka. Kwa kawaida mtu angevuta usukani ili apande, lakini ndege isiyo na mvuto wa injini ukiinua pua yake inapoteza mwendo na kuanguka kama jiwe. Kwa hivyo anapaswa kufanya kinyume cha kile ambacho mwili wake unamlilia afanye: anaiinamisha pua kuelekea kwenye maji yale yale anayoyaogopa. Injini inawaka tena bahari ikiwa karibu sana.

Hakuna ngoma moyoni hapo, wala hakuna haja yake. Hofu yote imetokana na mwandishi kujua vali iko wapi na inafanya nini. Hali ni hiyo hiyo mwishoni mwa safari: barafu inaziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, mafuta yanafika kwenye injini kwa shida, na nchi kavu imeshaonekana. Mtahiniwa, hulazimiki kuwa rubani. Ukiandika kuhusu matatu iliyokatika breki, tueleze dereva alikanyaga nini, akabadilisha gia ipi, akaelekea ukingo upi wa barabara. Moyo wako tutausikia wenyewe ukidunda.

Nirudi kwenye ngeli. Markham alihama kutoka kwa farasi hadi kwa ndege, na katika masimulizi yake ndege hizo zimerithi tabia za farasi: zina hulka, zinachoka, zinatii. Kwa Kiingereza tashihisi hiyo humhitaji mwandishi atafute kivumishi au kitenzi cha kuibeba. Kwa Kiswahili inahitaji herufi moja tu. "Ndege imechoka" ni lugha ya gereji. "Ndege amechoka" imemfanya kiumbe, na zaidi ya hapo imemrudisha kwenye maana ya asili, yule mwenye manyoya. Sijui lugha nyingi zenye bahati hii. Wazee wetu walitumia neno hilo hilo kwa maana ya fali pia. Mtu akianza safari aliangalia kama amepata ndege njema au ndege mbaya. Kwa hivyo mwandishi wa Kiswahili anayesimulia kuhusu rubani ana maana tatu mkononi, na upatanisho wa kisarufi ndio unaoamua ni ipi itakayosikika.

Na si neno hilo peke yake. Rubani, kabla ya kuwa mtu wa angani, alikuwa mtu wa maji: mjuzi wa mikondo na miamba, anayekiongoza chombo kuingia bandarini. Abiria ni mtu wa kuabiri, yaani kuvuka maji kwa chombo. Dira na usukani vilikuwa jahazini kabla ya kupanda angani. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu istiari zilizozoeleka hadi zikasahaulika kuwa istiari, hapo pana mifano ya kutosha. Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu safari ya angani anaandika kuhusu bahari atake asitake. Markham, aliyevuka bahari yenyewe, angelipenda jambo hilo. Alikijua Kiswahili tangu utotoni.

Kuna mzozo kuhusu kitabu hiki ambao mwalimu hawezi kuukwepa. Wapo walioshikilia kuwa mwandishi halisi ni mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, aliyekuwa akiishi kwa kalamu. Waandishi wawili wa wasifu wake hawakukubaliana: Mary Lovell, mwaka wa 1987, alimtetea Markham; Errol Trzebinski, mwaka wa 1993, aliegemea upande wa Schumacher. Ernest Hemingway, kwa upande wake, alikuwa amemwandikia mhariri wake mnamo 1942 akiusifu uandishi huo kupita kiasi, ingawa mwenyewe Markham hakumsema vizuri. Barua hiyo ndiyo iliyosababisha kitabu kichapishwe upya mwaka wa 1983, baada ya kusahaulika kwa miaka mingi.

Msimamo wangu ni huu: mzozo huo ni wa wanahistoria, na kwetu una faida moja kubwa. Unamlazimisha mwanafunzi atenganishe mwandishi na msimulizi, jambo ambalo tunalihubiri kila muhula na bado hawalishiki. "Mimi" wa kitabuni ni mhusika aliyeumbwa, hata katika tawasifu. Angalia tu yaliyoachwa. Mamake hatajwi ipasavyo. Ndoa zake hazimo. Mwanawe hamo. Mwanamke aliyeishi maisha ya kelele nyingi ametuumbia msimulizi mkimya, mpweke, asiye na jamaa ila baba, farasi na ndege. Kunyamaza huko ni mbinu, na mhakiki ana haki ya kuuliza kunamfaidi nani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokisifu kitabu hiki bila kikomo. Yupo mhusika aitwaye Kibii, mvulana wa Kinandi aliyekua pamoja na msimulizi Njoro. Wanacheza pamoja, wanashindana, na babake Kibii, arap Maina, ni mmoja wa wawindaji anaoandamana nao msichana huyu. (Msichana wa Kinandi asingelikubaliwa kwenye msafara ule, rangi ya msimulizi ilimfungulia mlango ambao jinsia ilikuwa imeufunga.) Kibii anapotoka jandoni anakuwa arap Ruta, mtu mzima mwenye jina la utu uzima. Kwa mila zake amepanda cheo. Kwa sheria za koloni ameshuka, kwa sababu anarudi kwa rafiki yake wa utotoni akiwa mtumishi. Anawahudumia farasi, na farasi wanapoachwa, anaihudumia ndege.

Msimulizi analiona badiliko hilo na linamuuma, hilo nakubali. Kinaya chake kimechorwa vizuri. Ila baada ya kuuma kidogo linapita, na masimulizi yanapaa tena. Arap Ruta anabaki chini. Hatuelezwi aliwaza nini ndege ilipopotea mawinguni, wala kama aliwahi kutaka kuushika usukani. Katika Kenya ya miaka ya 1930 swali hilo halikuulizwa. Kumbuka kuwa miaka iyo hiyo Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na tawasifu yake, Maisha Yangu, inaitazama dunia ya ukoloni kutoka mezani pa karani. Uzisome tawasifu hizi mbili bega kwa bega, uone jinsi nchi moja inavyobadilika kulingana na mahali alipoketi anayesimulia.

Roald Dahl, ambaye wanafunzi wetu wanamjua kwa vitabu vya watoto, anatupa mfano wa namna nyingine. Going Solo, cha mwaka wa 1986, kinasimulia jinsi alivyoajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell huko Dar es Salaam mwaka wa 1938, kisha vita vilipozuka akaja Nairobi kujifunza urubani. Anasema kuwa kati ya vijana 16 waliofunzwa pamoja naye, 13 walikufa angani. Yeye alianguka katika jangwa la Afrika Kaskazini Septemba 1940. Sasa sikiliza: mwaka wa 1942 alichapisha masimulizi ya ajali hiyo katika jarida la Marekani chini ya kichwa kilichodai kuwa alitunguliwa. Katika Going Solo anaeleza kuwa hakutunguliwa na yeyote. Alielekezwa mahali pasipo sahihi, giza likaingia, akajaribu kutua jangwani. Tukio ni moja, mwandishi ni mmoja, visa ni viwili. Ukitafuta mfano wa kumweleza mwanafunzi tofauti ya tukio na usimulizi, huu unatosha.

Antoine de Saint-Exupéry nitampitia kwa ufupi, kwa kuwa yeye anapatikana kwa Kiswahili: Mwana Mdogo wa Mfalme ilichapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Msimulizi wake ni rubani aliyekwama jangwani, na mwandishi mwenyewe alikuwa ameanguka katika jangwa la Libya pamoja na fundi wake mwishoni mwa Desemba 1935. Wanafunzi hukiona kuwa kitabu cha watoto, wakakipuuza. Waulize maji ya rubani huyo yangemtosha siku ngapi, na watakisoma upya.

Muhula uliopita niliwapa Kidato cha Tatu zoezi. Niliwasomea kwa muhtasari safari moja ya usiku ya Markham, kisha nikawaambia waisimulie upya kwa nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa arap Ruta aliyebaki uwanjani. Wengi walimfanya alie, wakamfanya aombe, wakamaliza kwa furaha ndege ilipotua. Mvulana mmoja aliandika kuwa Ruta alihesabu mikebe ya mafuta iliyobaki, akapiga hesabu ya saa, akajua tangi limekauka, na bado akaendelea kuusikiliza ukimya. Akamaliza hivi: "Ndege hajarudi." Nilitazama kiambishi kile kwa muda. Sikukipigia mstari, ingawa nilimwandikia pembeni kuwa katika karatasi ya lugha asithubutu.